Kipi Ununue, Kipi Uazime: Riwaya za Fantasia na za Taharuki kwa Vijana Wetu

Jirani yangu alisimama mbele ya baraza letu, hapa Langoni, Lamu, baada ya sala ya isha, kikapu cha mkate mkononi. Bintiye yuko kidato cha pili, shule zimefungwa, na tangu arudi nyumbani hajamwacha mamake apumue: anataka kitabu cha hadithi. “Mwenzangu,” akaniambia, “nina pesa ya kitabu kimoja. Kuna hivi vya uchawi na majini, na kuna hivi vya kutafuta nani kaua. Nimnunulie kipi?”

Nilimjibu papo hapo, na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi. Swali hili naulizwa mara nyingi, kwa sababu nyumbani kwetu kuna kabati lililoanza na vitabu vyangu na sasa ni la wasichana wa mtaa mzima. Mabinti wawili wa kaka yangu ndio wasimamizi. Wana daftari, wanaandika nani kachukua nini na lini. Vitabu vyenyewe vinatoka Mombasa na Nairobi, vipya na vya mitumba, vinapanda basi mpaka Mokowe, kisha vinavuka kwa boti. Kitabu kikifika Lamu kimeshakula nauli, na mzazi ana haki ya kuuliza mara mbili kabla ya kutoa pesa yake.

Basi jibu langu lililokaa sawa ni hili: riwaya ya fantasia inunue, ya taharuki iazime. Riwaya ya taharuki imejengwa juu ya siri moja, na siri ikishatoka, kwa msomaji huyo kitabu kimemaliza kazi. Fantasia imejengwa juu ya nchi nzima, yenye miji, desturi, miungu, vyakula na njia zake, na nchi haijulikani yote kwa kupita mara moja.

Hili sikulisoma popote, nimeliona kabatini. Mwaka jana nakala yetu ya A Good Girl's Guide to Murder ilirudi baada ya kupita kwa wasichana saba. Ilikuwa safi, jalada halina hata mkunjo. Zamu ilikuwa ya binti mdogo wa kaka yangu, aliyeisubiri miezi. Akajifungia nayo, na baada ya kurasa ishirini na kitu akatoka chumbani amenyamaza, kidole kimebaki ndani ya kitabu. Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, mtu alikuwa ameandika jina la muuaji na kulipigia mstari. Tulifuta kwa raba, lakini ncha ilikuwa imezama kwenye karatasi. Ukiuinamisha ukurasa kwenye mwanga, jina linasomeka. Hakukisoma, na mpaka leo hajakisoma. Kwenye rafu hiyohiyo kuna Children of Blood and Bone, ambacho jalada lake lina doa la mafuta ya mahamri na mgongo umeshonwa kwa uzi wa kofia. Hicho wasichana wanakigombania, wakiwemo wanaojua mwisho wake tangu zamani.

Sasa nivipange viwili viwili, maana “fantasia” peke yake si jibu.

Kwa upande wa fantasia, mashindano kwetu ni kati ya hicho Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, kilichotoka 2018, na We Hunt the Flame cha Hafsah Faizal, kilichotoka 2019. Adeyemi ni Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, na nchi aliyoibuni, Orïsha, imesimama juu ya miungu ya Wayoruba. Mfalme Saran amewaua watu wenye uwezo wa kimiujiza, akabakiza watoto wao wenye nywele nyeupe, wanaodharauliwa na kutozwa kodi mpaka wazame kwenye madeni. Zélie ni mmoja wao. Mamake aliuawa mbele ya macho yake. Kitabu kinasimuliwa na watu watatu: Zélie, bintimfalme Amari aliyemkimbia babake, na kaka yake Amari, Inan, anayetumwa kuwasaka. (Wenye miujiza hao wanaitwa “maji”. Mwambie mtoto mapema kwamba si maji ya kunywa, la sivyo kurasa hamsini za kwanza atakuwa anajikwaa.)

Nguvu ya Adeyemi ni mwendo. Sura fupi, sentensi fupi, kila sura inakatika mahali ambapo huwezi kuweka kitabu chini. Kwa msichana ambaye Kiingereza chake bado kinamtoa jasho, hilo ni jambo kubwa. Na kuna kipande cha mwanzoni ambacho watoto wa hapa wanakisoma kwa raha ya pekee: Zélie anatoka kijiji cha wavuvi, na anapopanda kwenda Lagos anakwenda kuuza sulisuli, apate pesa ya kodi. Binti mkubwa wa kaka yangu, ambaye babake ni mvuvi, alinisomea ukurasa huo kwa sauti na kusimama katikati kubishana juu ya bei. Alijua samaki wa namna hiyo ni mali, na alijua mnunuzi akiona una shida atakubana. Hakuhitaji maelezo ya mtu yeyote kuingia nchi hiyo.

Kasoro ninazo, nazo nazisema. Mapenzi kati ya Zélie na adui yake yanakuja haraka mno. Jana walitaka kuuana, leo wanatazamana. Mabinti wote wawili wamelisema hili bila kuambizana. Pia damu ni nyingi, na kuna mateso yaliyoandikwa kwa karibu sana. Mwandishi anaeleza mwishoni mwa kitabu kwamba aliandika akiwa na uchungu wa Wamarekani weusi wanaouawa na polisi, na ukilijua hilo unaelewa kwa nini ukatili haukupambwa. Bado, kwa mtoto wa miaka kumi na miwili ningesubiri.

Faizal anakwenda kwa mwendo mwingine kabisa. Nchi yake inaitwa Arawiya, imefumwa kwa mambo ya Uarabuni ya kale. Zafira anawinda ndani ya msitu uliolaaniwa ili watu wake wapate kula, na anajifunika kama mwanamume kwa sababu huko kwao mwanamke akifanya jambo kubwa hupata lawama badala ya sifa. Nasir ni mwana wa sultani, na babake amemfanya muuaji wake. Wote wawili wanakwenda kisiwa kimoja kutafuta kitabu kilichopotea, chenye uwezo wa kurudisha miujiza iliyotoweka. Kisiwa chenyewe kinaitwa Sharr.

Hapo ndipo msomaji wa Lamu anapopata kitu ambacho msomaji wa London hana. Anaona Sharr na papo hapo anasikia shari. Anakutana na ifrit na anamjua afriti tangu hadithi za bibi. Uchawi uliokatazwa katika kitabu hiki unaitwa dum sihr, na msichana aliyekaa na neno damu na neno sihiri tangu utotoni hahitaji kugeuza ukurasa kutafuta maana. Nimewaona wakitabasamu peke yao wakisoma. Vitabu vingi tunavyosoma hapa vinatufanya tuwe wageni kuanzia ukurasa wa kwanza. Hiki kinamkaribisha binti wa madrasa kama mtu wa nyumbani, na sijui namna ya kupima thamani ya jambo hilo isipokuwa kusema kwamba msichana mmoja alikirudisha, akakichukua tena wiki hiyohiyo.

Lakini kina uzito. Faizal anapenda tamathali, sentensi zake zimevaa mapambo, na kurasa mia za mwanzo zinakwenda kama mashua iliyokosa upepo. Wasichana watatu wamekirudisha kabla ya kufika kisiwani, na kisiwani ndiko hadithi inakowaka. Wanaovuka wanapata kundi la wasafiri wanaochokozana na kupendana, hasa jemadari Altair, ambaye kila aliyekimaliza ananiuliza habari zake. Mapenzi humu ni ya polepole, yamejaa kujizuia, na wazazi wengi wa huku watakuwa na amani nayo zaidi.

Kuna pia hesabu ya mfuko. Ukinunua kitabu cha kwanza cha mfululizo umeshajifunga, kwa sababu mtoto atataka vinavyofuata. Vya Faizal ni viwili tu: cha pili, We Free the Stars, kilitoka 2021, na hadithi imefungwa. Vya Adeyemi ni vitatu: cha pili kilitoka 2019, na cha tatu, Children of Anguish and Anarchy, kikachelewa mpaka 2024. Cha tatu hicho kilinivunja moyo. Kinawapeleka wahusika ng'ambo ya bahari kupambana na maadui wapya, na mambo ya nyumbani niliyoyasubiri miaka mitano yakaachwa njiani. Ningemshauri mtu anunue cha kwanza, aazime cha pili, na cha tatu akisome akitaka tu kujua walikoishia.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili: mtoto ambaye hajawahi kumaliza riwaya nene ya Kiingereza, mpe Adeyemi, kitambeba chenyewe. Mtoto ambaye tayari ni msomaji, anayependa maneno na ana subira, mpe Faizal. Mimi mwenyewe, kwa pesa yangu, nachukua Faizal, maana mara ya pili ni kitamu kuliko ya kwanza, na hata kurasa zile nzito za mwanzo zinageuka, kwa kuwa sasa unajua zinakokwenda.

Upande wa taharuki, Holly Jackson, Mwingereza, ndiye anayetawala kabati letu. A Good Girl's Guide to Murder kilitoka 2019. Pip, msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, anachukua kesi iliyofungwa miaka mitano nyuma na kuifanya mradi wake wa shule. Andie Bell alipotea, mpenzi wake Sal Singh akakutwa amekufa, na mji mzima ukaridhika kwamba Sal alimuua kisha akajiua. Pip hakuridhika. Anaungana na Ravi, ndugu yake Sal, na wanaanza kuuliza maswali ambayo watu wazima waliacha kuyauliza.

Kinachowanasa wasichana ni umbo lake. Kurasa zimechanganyika: simulizi, kisha maelezo ya mradi, kisha mahojiano yameandikwa neno kwa neno, kisha ramani. Unapata ushahidi wakati uleule Pip anapoupata, kwa hiyo unashindana naye. Na Jackson hadanganyi. Jibu linapokuja, ukirudi nyuma unakuta dalili zilikuwepo, umezipita mwenyewe. Hiyo ni heshima kwa msomaji, na si waandishi wote wa aina hii wanaoitoa.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kununua au kukiagiza: toleo la Uingereza na la Marekani hayafanani. Katika la Uingereza mji unaitwa Little Kilton, katika la Marekani hadithi imehamishiwa Fairview, jimbo la Connecticut. Wasichana wetu wawili walisoma nakala tofauti na kubishana jioni nzima, kila mmoja akimwona mwenzake hakusoma vizuri, mpaka tukaviweka vitabu viwili ubavu kwa ubavu. Hadithi ni ileile, lakini ukinunua mfululizo wa vitatu, nunua vyote vya upande mmoja. Na mzazi ajue kwamba ndani mna ulevi, dawa za kulevya na wasichana waliotendewa vibaya kwenye sherehe. Mwandishi hayashabikii, lakini yamo. Kitabu cha tatu, As Good As Dead cha 2021, kina giza zaidi ya vyote, na mimi sikiazimishi chini ya miaka kumi na sita.

Kando yake naweka City of Saints & Thieves cha Natalie C. Anderson, cha mwaka 2017. Hakitajwi sana, na hilo linaniuma. Anderson ni Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi na mashirika yanayohudumia wakimbizi Afrika, na hadithi yake iko Kenya, katika mji wa kubuni uitwao Sangui City. Tina na mamake walikimbia vita Congo. Mamake akapata kazi ya ndani kwa tajiri mwenye mali ya migodini, Greyhill, kisha akauawa ndani ya nyumba hiyohiyo. Tina anaamini tajiri ndiye aliyeua. Anajiunga na genge, anajifunza wizi, na anangoja siku yake. Siku inapofika anaingia nyumbani humo usiku na kunaswa na Michael, mtoto wa tajiri, rafiki yake wa utotoni, asiyeamini hata kidogo kwamba babake ni muuaji.

Ukiviweka pamoja, Jackson ni fundi zaidi. Fumbo lake limebana, la Anderson lina mahali panapolegea, hasa wakiwa safarini Congo. Lakini Pip akishindwa atapoteza mradi na amani ya moyo, angalau mwanzoni. Tina akishindwa ana mdogo wake, Kiki, analelewa na watawa na hana mtu mwingine duniani. Uzito huo unausikia kwenye kila ukurasa. Na kuna jambo la mtoto wa Kenya kuona maneno ya Kiswahili ndani ya riwaya ya taharuki, kuona polisi na matajiri na mabinti wa kazi ambao anawafahamu kwa sura. Binti mkubwa wa kaka yangu alinisaili maswali ya Congo kwa siku tatu: dhahabu inatokaje ardhini, nani anainunua, kwa nini wanakijiji wanabaki na makaburi. Hicho ndicho kitabu pekee cha taharuki kabatini ambacho amekisoma mara mbili, na mara ya pili, alisema, hakuwa akimtafuta muuaji, alikuwa akimfuata mamake Tina.

Kwa hiyo kanuni yangu ina mlango wazi, na aliyepita mlango huo ni Anderson. Tahadhari yake: kuna ubakaji katika historia ya vita inayosimuliwa. Haujaandikwa kwa ufasiki, umeandikwa kwa huzuni, lakini kisomwe na msichana mkubwa, na ni vizuri kuwe na mtu mzima karibu wa kuzungumza naye.

Viwili vingine nitavipitia haraka. One of Us Is Lying cha Karen M. McManus, 2017: wanafunzi watano wanaadhibiwa kubaki shule, mmoja anayesambaza siri za wenzake anakufa, wanne waliobaki wanasimulia kwa zamu. Kinasomeka upesi, kinaburudisha, kiazime tu. The Inheritance Games cha Jennifer Lynn Barnes, 2020: msichana maskini anarithishwa mali ya bilionea asiyemjua, kwenye jumba lililojaa mafumbo na wajukuu wanne waliokasirika. Mtoto anayependa vitendawili atakifurahia mno. Anayetaka watu wenye nyama na mifupa hatawapata humo.

Na wakati wa kusoma nao uhesabiwe. Riwaya ya taharuki ni ya usiku wa Ramadhani, kati ya tarawehe na daku, nyumba iko macho na hakuna anayemwambia mtoto akalale. Siku mbili, tatu, kimekwisha, kinakwenda kwa mwingine. Fantasia ni ya likizo ndefu ya Desemba, kaskazi inavuma, mtoto amelala juu ya mkeka darini na hana anakokimbilia. Ukimpa Faizal wiki ya mitihani utakirudishiwa kabla hajafika Sharr, na lawama atabebeshwa mwandishi.

Wenye watoto wadogo zaidi hawaulizi swali hili, lakini wangeuliza ningewaambia Akata Witch cha Nnedi Okorafor, cha 2011, bila kusita. Sunny ana miaka kumi na miwili, ni zeruzeru, anaishi Aba, Nigeria, na anagundua ana uwezo uliofichika. Katika ulimwengu huo kila unapojifunza jambo la kweli, vipande vya chuma vinaanguka kutoka hewani miguuni pako, na hizo ndizo pesa zao. Mtoto wa jirani wa pili alipofika hapo aliangalia sakafuni. Nilikuwa nimekaa karibu, nikamwona. Vitabu viko vitatu, cha mwisho ni cha 2022, na pesa ya hivyo sijaijutia.

Turudi kwa jirani yangu. Kesho yake nilimwita binti mwenyewe, nikamuuliza kitabu gani amewahi kukirudia. Akafikiri, akasema hakuna, hajawahi kumaliza hata kimoja cha Kiingereza nje ya vile vya shule. Nikamwambia mamake: agiza Adeyemi, cha kwanza peke yake, na vya taharuki atachukua hapa. Kitakuja na basi la Jumamosi. Usiku ule binti aliondoka na City of Saints & Thieves chini ya buibui, na mamake akaahidi kukaa naye akifika sehemu za Congo. Daftarini ameandikwa jina, tarehe, na wiki mbili za kurudisha, na chini yake, kwa mwandiko wa binti mdogo wa kaka yangu, neno ambalo sasa anamwandikia kila anayeazima: usiandike kitu ndani.